Mistari Miwili Ndani ya Mlinganyo Mmoja: Mhadhara wa Umma Kuhusu Asimptoti za Haipabola



Hoja ninayoileta mbele yenu ni fupi kuitamka, ingawa kuithibitisha kutatuchukua muda. Kila aliyesoma hisabati ya juu ya sekondari anajua kwamba haipabola ina mistari miwili minyoofu ambayo matawi yake huikaribia daima bila kuigusa, na kwamba mistari hiyo huitwa asimptoti. Anajua pia kanuni ya kuipata: ukipewa x²/a² − y²/b² = 1, andika y = (b/a)x na y = −(b/a)x, kazi imekwisha. Kanuni hiyo ni ya kweli. Ninachodai ni kwamba tunaifundisha kinyumenyume. Humfanya mwanafunzi aamini kuwa mkunjo ndio kitu chenyewe, na asimptoti ni pambo linaloongezwa kwenye mchoro mwishoni. Ukweli ni kwamba mistari miwili hutangulia, na mkunjo huzaliwa nayo. Mlinganyo wa haipabola ni zao la mistari miwili, na kutafuta asimptoti ni kulifungua zao hilo. Mwenye kulielewa hili ana njia moja inayofaa milinganyo yote ya haipabola. Asiyelielewa atakariri kanuni nyingi na bado atakwama pale mlinganyo utakapobadili sura kidogo tu.

Zao lisilobadilika

Tuchukue mlinganyo wa kawaida kabisa, x²/9 − y²/16 = 1. Upande wa kushoto ni tofauti ya miraba miwili, na tofauti ya miraba miwili huvunjika kuwa vigawo viwili: (x/3 − y/4)(x/3 + y/4) = 1. Hatua hii huijua mwanafunzi wa kidato cha pili, lakini ndani yake mna habari yote tunayoitafuta. Kila mabano yanataja mstari. Mabano ya kwanza yakiwa sifuri tunapata y = 4x/3, na ya pili yakiwa sifuri tunapata y = −4x/3. Yasipokuwa sifuri, thamani yake hutuambia nukta iko mbali kiasi gani na mstari huo. Umbali wa nukta (x, y) kutoka mstari 4x − 3y = 0 ni thamani chanya ya 4x − 3y ikigawanywa kwa 5, na kutoka mstari wa pili ni thamani chanya ya 4x + 3y ikigawanywa kwa 5. Ukizidisha umbali huo wa kwanza kwa wa pili, mlinganyo wetu unakupa 144/25, yaani 5.76, popote utakapokuwa juu ya mkunjo. Kwenye ncha, nukta (3, 0), kila umbali ni 2.4, na 2.4 mara 2.4 ni 5.76. Ukienda mbali kabisa kwenye tawi, umbali mmoja unakuwa mkubwa mno na mwingine unakuwa mdogo mno, lakini zao lao ni lilelile.

Kwa hiyo tunaweza kuieleza haipabola bila kutaja koni wala fokasi: ni mkusanyiko wa nukta ambazo umbali wake kutoka mistari miwili inayokatana, ukizidishwa, hutoa zao lisilobadilika, katika pembe mbili zinazotazamana. Kutokana na kauli hiyo moja yanafuata mambo mawili ambayo vitabu vingi huyaeleza kama habari mbili tofauti. La kwanza ni kwamba mkunjo huikaribia mistari. Nukta inapokwenda mbali na kitovu haiwezi kubaki karibu na mistari yote miwili kwa pamoja, kwa sababu mistari yenyewe inatengana. Umbali kutoka mstari mmoja lazima uongezeke bila kikomo, na ule mwingine lazima upungue kuelekea sifuri ili zao libaki 5.76. La pili ni kwamba mkunjo hauigusi mistari kamwe. Ukiugusa mmojawapo, umbali mmoja utakuwa sifuri, na sifuri ikizidishwa kwa namba yoyote haitoi 5.76. Kukaribia na kutogusa vina sababu moja.

Hesabu inathibitisha. Katika x = 30, y² ni 1584, kwa hiyo y ni takriban 39.80, wakati mstari y = 4x/3 uko kwenye 40. Pengo la wima ni 0.2. Katika x = 300, y ni takriban 399.98 na mstari uko kwenye 400, pengo ni 0.02. Tumekwenda mbali mara kumi, na pengo limepungua mara kumi. Hilo halikutokea kwa bahati. Vigawo vyetu vinasema x/3 − y/4 ni sawa na 1 ikigawanywa kwa (x/3 + y/4), na kigawanyi hicho huongezeka karibu sawasawa na x. Mwanafunzi anayeandika mstari huo mmoja ameshajua asimptoti ni ipi, ameshathibitisha kwamba ni asimptoti kweli, na ameshajua mkunjo unaikaribia kwa kasi gani.

Sasa tunaweza kueleza ile mbinu ambayo walimu wengi huitoa bila maelezo: weka sifuri mahali pa moja, kisha tatua. Wanafunzi wenye akili huishuku, nao wana haki, kwani huwezi kubadilisha namba ndani ya mlinganyo kisha ukadai bado unazungumzia kitu kilekile. Ukweli ni kwamba hatuzungumzii kitu kilekile. Tunazungumzia ukoo mzima wa mikunjo, x²/9 − y²/16 = k. Kwa kila k iliyo kubwa kuliko sifuri tunapata haipabola inayofunguka kulia na kushoto. Kwa kila k iliyo ndogo kuliko sifuri tunapata haipabola inayofunguka juu na chini, ndani ya pembe nyingine mbili za mistari ileile. Kati ya makundi hayo mawili, pale k inapokuwa sifuri, mkunjo unakuwa mistari miwili yenyewe. Ukoo wote una vigawo vilevile, kwa hiyo una asimptoti zilezile. Kuweka sifuri ni kumtafuta mwanaukoo ambaye zao lake ni sifuri.

Hatari ya kupuuza kilicho kidogo

Kuna maelezo mengine yanayopendwa darasani, nayo yanahitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi kwa kuwa yanatoa jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Husemwa hivi: x ikiwa kubwa sana, ile 1 ni ndogo mno ikilinganishwa na x²/9, kwa hiyo tuipuuze, na kitakachobaki ni y² = 16x²/9. Maelezo haya yanavutia, na katika mfano wetu yanafika mahali panapotakiwa. Lakini tuyapime kwa mlinganyo mwingine, x² − y² = 2x. Katika x = 1000, 2x ni 2000 wakati x² ni 1,000,000, yaani 2x ni sehemu mbili tu katika elfu. Kwa hoja ileile tungepaswa kuipuuza na kusema asimptoti ni y = x na y = −x. Tukikokotoa, y ni takriban 998.9995, na pengo kati ya mkunjo na mstari y = x ni takriban 1. Tukienda hadi x = 1,000,000, pengo bado ni takriban 1. Halipungui na halitapungua. Tukikamilisha mraba tunaona kwa nini: mlinganyo ni (x − 1)² − y² = 1, na asimptoti zake ni y = x − 1 na y = −(x − 1). Hoja ya kupuuza imetupa mistari yenye mteremko sahihi iliyosimama mahali pasipo sahihi.

Kosa liko hapa. Vitu viwili vikubwa vinaweza kukaribiana kwa namna mbili. Uwiano wao unaweza kukaribia moja, na tofauti yao inaweza kukaribia sifuri. Namna ya kwanza haileti ya pili. Chukua y = x + √x. Katika x = 10,000, y ni 10,100, na uwiano wake na x ni 1.01. Katika x = 1,000,000 uwiano ni 1.001. Uwiano unakaribia moja vizuri kabisa, lakini pengo limepanda kutoka 100 hadi 1000 na litaendelea kupanda. Mkunjo huo hauna asimptoti y = x, wala hauna asimptoti nyingine yenye mteremko huo. Asimptoti hudai tofauti ikaribie sifuri, na anayeangalia uwiano tu amepata mwelekeo, hajapata mstari.

Basi ni kipi kinachoweza kupuuzwa salama? Tukirudi kwenye vigawo, jibu liko wazi. Tunaruhusiwa kugusa namba iliyosimama peke yake, isiyo na x wala y, na hiyo tu. Sehemu za daraja la pili huamua mielekeo ya mistari miwili. Sehemu za daraja la kwanza, hata zikiwa ndogo kiasi gani mbele ya zile za daraja la pili, huamua mistari hiyo inapita wapi. Namba ya mwisho huamua mkunjo uko karibu kiasi gani na mistari. Kwa hiyo mlinganyo wa haipabola na mlinganyo wa asimptoti zake zikichukuliwa pamoja hutofautiana katika namba hiyo ya mwisho peke yake. Kauli hii ndiyo ningependa kila mwanafunzi aondoke nayo darasani, kwa sababu inafundisha njia na kuonyesha mpaka wake kwa wakati mmoja.

Njia moja kwa sura zote

Tuipeleke njia hii kwenye milinganyo inayowatisha wanafunzi. Tuseme tumepewa 9x² − 4y² − 36x − 8y − 4 = 0. Sehemu za daraja la pili, 9x² − 4y², zina vigawo (3x − 2y) na (3x + 2y). Mistari tunayoitafuta lazima iwe na sura 3x − 2y + p = 0 na 3x + 2y + q = 0, nasi tunachagua p na q ili zao lao litoe sehemu za daraja la kwanza tulizopewa. Kwa upande wa x tunahitaji 3p + 3q = −36, na kwa upande wa y tunahitaji 2p − 2q = −8. Hivyo p + q ni −12 na p − q ni −4, yaani p = −8 na q = −4. Asimptoti ni 3x − 2y − 8 = 0 na 3x + 2y − 4 = 0. Tukizidisha, namba ya mwisho inakuwa 32, wakati mlinganyo wetu una −4. Kwa hiyo mlinganyo tuliopewa unasema: zao la mistari hii miwili ni 36. Kila kitu kingine katika milinganyo hiyo miwili kinalingana.

Ikiwa mlinganyo una sehemu ya xy, kanuni ya b/a haiwezi hata kuanza, na vitabu humwelekeza mwanafunzi azungushe mihimili kwanza, kazi inayohitaji trigonometria na subira nyingi. Njia ya vigawo haihitaji kuzungusha chochote. Chukua 2x² + 3xy − 2y² + x + 7y − 8 = 0. Vigawo vya sehemu ya daraja la pili ni (2x − y) na (x + 2y). Tunaandika (2x − y + p)(x + 2y + q) na kulinganisha: p + 2q = 1, na 2p − q = 7. Tunapata p = 3 na q = −1. Asimptoti ni 2x − y + 3 = 0 na x + 2y − 1 = 0. Zinakatana kwenye nukta (−1, 1), ambayo ndiyo kitovu cha haipabola, na zinakatana kwa pembe mraba. Namba ya mwisho katika zao ni −3, kwa hiyo mlinganyo wetu unasema zao la mistari miwili ni 5. Katika hatua tatu tumepata mistari, kitovu na pembe.

Njia hiyohiyo hutuambia ni lini hakuna asimptoti za kutafutwa. Sehemu ya daraja la pili, Ax² + Bxy + Cy², huvunjika kuwa vigawo viwili tofauti vya namba halisi pale tu B² − 4AC inapokuwa kubwa kuliko sifuri. Ikiwa ndogo kuliko sifuri, vigawo vya namba halisi havipo, na mkunjo, ukiwepo, ni duaradufu, ambayo imejifunga na haiendi mbali popote. Ikiwa sawa na sifuri, kigawo ni kimoja kinachojirudia. Parabola iko hapo: ina mwelekeo lakini haina mstari wa kuukaribia. Mikunjo mitatu ambayo mwanafunzi huisoma katika mada tatu inatenganishwa na swali moja, kama vigawo vipo na kama vinatofautiana.

Hata zile grafu za mgawanyo zinazofundishwa katika mada ya mbali, mathalani y = (2x + 1)/(x − 3), ni habari hiyohiyo. Mwanafunzi hufundishwa kuwa asimptoti ya wima iko pale kigawanyi kinapokuwa sifuri, na ya ulalo hupatikana kwa kugawa namba zilizo mbele ya x. Tukipanga upya mlinganyo tunapata (x − 3)(y − 2) = 7. Mistari ni x = 3 na y = 2, na zao lao ni 7. Hii ni haipabola kama zile nyingine, na mwanafunzi aliyesoma mada zote mbili anastahili kuambiwa hivyo.

Yaliyojulikana kabla ya milinganyo

Mtu anaweza kudhani kuwa kuitazama haipabola kama zao ni ujanja wa aljebra ya siku hizi. Historia inasema vingine. Apollonius wa Perga, aliyeandika vitabu vinane juu ya mikato ya koni karibu na mwaka 200 kabla ya Kristo, alikianza kitabu chake cha pili kwa asimptoti. Hakuwa na mlinganyo, hakuwa na x wala y. Hata hivyo alithibitisha kwamba ukichora kutoka nukta yoyote ya mkunjo mistari miwili inayofika kwenye asimptoti kwa mielekeo maalumu, mstatili unaoundwa na urefu wa mistari hiyo haubadiliki. Kwa lugha yetu, alithibitisha kwamba zao halibadiliki. Alithibitisha pia kwamba mkunjo na mistari hiyo, vikiendelezwa, hukaribiana hadi pengo liwe dogo kuliko urefu wowote utakaoutaja. Vitabu vinne vya mwanzo vilitufikia kwa Kigiriki. Cha tano, cha sita na cha saba vimebaki kwa sababu vilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, chini ya usimamizi wa ndugu wa Banu Musa, mfasiri akiwa Thabit ibn Qurra. Cha nane kimepotea. Karne iliyofuata, al-Sijzi aliandika risala nzima juu ya swali la mistari inayokaribiana bila kukutana, ishara kwamba jambo hili liliwasumbua wanafikra waliolielewa vizuri.

Mnamo miaka ya 1630 Pierre de Fermat alianzia upande wa pili. Alichukua mlinganyo unaosema kwamba x ikizidishwa kwa y hutoa kiasi kisichobadilika, akaonyesha kuwa mkunjo wake ni haipabola na mihimili yenyewe ndiyo asimptoti. Mwaka 1655 John Wallis aliitoa mikunjo hii ndani ya koni na kuieleza kama milinganyo ya daraja la pili. Tangu hapo mlinganyo ukawa mwanzo, na mistari ikawa kitu cha kutafutwa ndani yake. Faida ya hatua hiyo ni kubwa na hakuna anayetaka kuiacha. Lakini tuliporithi mlinganyo tuliurithi katika sura ya x²/a² − y²/b² = 1, sura inayofaa kuonyesha mihimili na ncha, na inayoificha mistari miwili kwa kuwa vigawo havijaandikwa. Kuuvunja katika vigawo ni kurudisha juu ya ukurasa kile ambacho Apollonius alikuwa nacho mkononi.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la walimu, nalo lina uzito. Muda ni mfupi, mtaala ni mrefu, mtihani unauliza jibu. Kwa nini tusitoe kanuni ya b/a na kuendelea? Jibu langu linatoka ndani ya mtihani wenyewe. Kanuni ya b/a hugeuka pale y² inapotangulia, na wanafunzi wengi hukosea kugeuza. Hubadilika tena kitovu kinapohama. Haifanyi kazi kabisa panapokuwa na xy, na mada ya grafu za mgawanyo ina kanuni zake mbili nyingine. Hizo ni kanuni nyingi za kukariri kwa jambo moja. Njia ya vigawo ni moja, na stadi zake, yaani kutafuta vigawo na kutatua milinganyo miwili yenye herufi mbili, mwanafunzi amekwisha kuzipata madarasa ya chini. Anayejali muda ana sababu zaidi ya kuichagua.

Pingamizi la pili ni la wanahisabati. Watasema kwamba asimptoti kwa maana yake kamili ni suala la vikomo, kwamba mikunjo mingi yenye asimptoti si ya daraja la pili, na kwamba kumzoesha mwanafunzi vigawo ni kumfungia katika chumba kidogo. Ninakubali sehemu ya kwanza bila masharti. Kikomo ndicho hakimu: mstari ni asimptoti ikiwa tu pengo linakaribia sifuri. Lakini vigawo havishindani na kikomo. Vinaandaa kesi ili hakimu aiamue kwa mstari mmoja, kama tulivyoona pale x/3 − y/4 ilipokuwa sawa na moja juu ya namba inayokua. Kuhusu daraja za juu, wazo haliishii katika la pili. Katika mkunjo wa daraja la tatu pia, mielekeo ya kwenda mbali hutafutwa katika vigawo vya sehemu ya daraja la juu kabisa, kisha sehemu za daraja linalofuata husaidia kuonyesha mistari inapita wapi. Mwanafunzi aliyezoea kutofautisha mwelekeo na mahali katika haipabola amejiandaa kwa safari hiyo. Aliyezoea kupuuza kila kilicho kidogo atapotea mapema.

Pingamizi la tatu ni la msikilizaji yeyote makini. Mistari hii haifikiwi kamwe, na hakuna chombo kinachopima kitu kilichoko mbali pasipo mwisho. Kwa nini tujisumbue? Swali hili ni la zamani. Musa ibn Maimun, ambaye Ulaya humjua kwa jina la Maimonides, aliitumia asimptoti ya Apollonius katika kitabu chake Dalalat al-Ha'irin, alichokiandika Misri katika karne ya 12, kama mfano wa jambo ambalo fikra haiwezi kulipigia picha ilhali akili imelithibitisha. Jibu lake bado lina nguvu. Kushindwa kwetu kulichora jambo hakulifanyi kuwa la uongo, na uthibitisho hauhitaji ruhusa ya macho. Lakini sayansi ya karne iliyopita na hii yetu inatuwezesha kusema zaidi: mara nyingi asimptoti ndiyo kitu pekee kinachopimwa.

Mwaka 1911 Ernest Rutherford alieleza kwa nini baadhi ya chembe za alfa, zikirushwa kwenye bamba jembamba la metali, hurudi zilikotoka. Hans Geiger na Ernest Marsden walikuwa wameliona jambo hilo huko Manchester mwaka 1909. Chembe inayosukumwa na kiini cha atomu husafiri juu ya tawi la haipabola. Sehemu ya njia iliyopinda ni ndogo sana kuliko kitu chochote kinachoweza kuonekana kwa hadubini ya wakati huo, na skrini iliyohesabu chembe ilikuwa mbali nayo kwa umbali wa kupimwa kwa sentimita. Kwa hiyo hakuna aliyeuona mkunjo. Chembe ilifika karibu juu ya asimptoti moja na kuondoka karibu juu ya nyingine, na kilichopimwa ni pembe kati ya mielekeo hiyo miwili. Kutokana na pembe hizo Rutherford aligundua kiini cha atomu.

Katika anga mambo ni hayohayo kwa kipimo kikubwa. Tarehe 19 Oktoba 2017 darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii iligundua 'Oumuamua, kitu cha kwanza kuonekana kikipita katika mfumo wa Jua letu kikitoka nje yake. Njia yake ni haipabola yenye eksentrisiti ya takriban 1.2. Kosaini ya nusu ya pembe kati ya asimptoti zinazoizunguka njia hiyo ni 1 ikigawanywa kwa eksentrisiti, na kutokana na hapo tunajua kwamba Jua lilikigeuza kitu hicho kwa takriban nyuzi 113. Kitu kingine cha aina hiyo, Borisov, kilichogunduliwa mwaka 2019, kina eksentrisiti ya takriban 3.36, nacho kiligeuzwa kwa takriban nyuzi 35 tu. Ukiuliza 'Oumuamua ilitoka upande gani, jibu ni mwelekeo wa asimptoti yake ya kuingilia, katika kundi la nyota la Lyra. Mkunjo hutueleza kilichotokea karibu na Jua. Asimptoti hutueleza kitu kilikuwa kikisafiri vipi kabla Jua halijakivuta kwa nguvu.

Biokemia inatupa ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1913 Leonor Michaelis na Maud Menten walichapisha mlinganyo wa kasi ya kimeng'enya, v = VS/(K + S), ambamo v ni kasi, S ni wingi wa kitu kinachomeng'enywa, na V na K ni namba zisizobadilika za kimeng'enya husika. Ukiupanga upya unapata (S + K)(V − v) = KV, zao la mistari miwili. Mstari v = V ni kasi ya juu kabisa, nayo haifikiwi kamwe: S ikiwa mara 9 ya K, kasi ni asilimia 90 ya V, na S ikiwa mara 99 ya K, kasi ni asilimia 99. Mstari S = −K uko upande ambako hakuna maabara inayoweza kufika, kwa kuwa wingi wa kitu hauwi chini ya sifuri. Hata hivyo namba mbili ambazo wanasayansi huandika wanapokieleza kimeng'enya ni V na K, yaani mahali asimptoti mbili ziliposimama. Vipimo vyote hufanywa kati ya mistari hiyo, na maana yake husomwa juu ya mistari yenyewe.

Tunachopaswa kubadilisha

Nimejaribu kuonyesha kwamba asimptoti zimo ndani ya mlinganyo wa haipabola tangu mwanzo, kama vigawo vyake, na kwamba kuzipata kwa njia hiyo ni rahisi zaidi, ni salama zaidi, na ni karibu zaidi na matumizi yake halisi. Mabadiliko ninayoyapendekeza hayahitaji fedha wala vifaa. Tuanze mada hii kwa mistari miwili inayokatana, tuwaulize wanafunzi watafute nukta ambazo umbali wake kutoka mistari hiyo ukizidishwa haubadiliki, na tuwaache waone mkunjo ukitokea. Sura ya x²/a² − y²/b² = 1 ije baadaye, kama jina la hali moja maalumu ambapo mihimili imepangwa vizuri. Tuifunge mada ya grafu za mgawanyo na mada hii kwa fundo moja. Na kila tunapomwambia mwanafunzi kwamba sehemu fulani ni ndogo na inaweza kuachwa, tumdai naye atudai: ndogo ikilinganishwa na nini, na pengo linalobaki linakwenda wapi? Mwanafunzi anayeuliza swali hilo kuhusu haipabola ataliuliza pia kuhusu makadirio ya mhandisi, ya mchumi na ya daktari, na nchi inayotaka wataalamu wanaoweza kuaminiwa inapaswa kumfundisha kuliuliza mapema.